Njia ya Ateri katika Kupeleka Dawa za Saratani kwenye Ubongo: Ufafanuzi wa Misingi, Mipaka na Maana Yake kwa Mgonjwa wa Busunzu, Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mbinu ya kupeleka dawa za saratani moja kwa moja kwenye ateri zinazolisha ubongo, hususani katika matibabu ya uvimbe adimu wa ubongo. Ufafanuzi umejengwa juu ya mambo matatu: uwezo wa dawa kuvuka kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, kasi ya mtiririko wa damu katika ateri husika, na kasi ya mwili kuiondoa dawa. Makala yanatumia historia ya malale katika wilaya za Kibondo na Kasulu kama mfano wa karibu wa tatizo hilohilo, kisha yanapima mafanikio na madhara ya njia ya ateri kwa ushahidi uliochapishwa. Hoja kuu ni kwamba kuifikisha dawa karibu na uvimbe si sawa na kuiingiza ndani ya uvimbe, na kwamba tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza rufaa, ridhaa na matumizi ya mali ya familia ya mgonjwa anayetoka mbali na hospitali kubwa.

1.0 Utangulizi

Busunzu ni kata ya Wilaya ya Kibondo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Wenyeji wake wengi ni Waha, wakulima na wafugaji wa nyuki, wanaoishi kati ya mpaka wa Burundi kwa upande wa magharibi na mapori ya Moyowosi kwa upande wa mashariki. Mgonjwa wa eneo hili hupanda ngazi za huduma kwa mpangilio unaofahamika: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni iliyopo Kigoma mjini, kisha hospitali za kanda na za taifa. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, Reli ya Kati pekee ina urefu wa takribani kilomita 1,250. Umbali huu ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa kuwa tiba inayohitaji safari nyingi ni tofauti na tiba inayohitaji safari moja, hata kama dawa ni ileile.

Uvimbe wa ubongo ni ugonjwa adimu ukilinganishwa na malaria, kifua kikuu au utapiamlo, na aina zake ni nyingi. Uadimu huo una matokeo mawili. Kwanza, dalili zake za mwanzo, yaani maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi, kutapika, degedege, kulegea kwa upande mmoja wa mwili au kupungua kwa uwezo wa kuona, huchukuliwa kuwa ni za magonjwa yaliyozoeleka zaidi. Pili, familia inapopata jina la ugonjwa hatimaye, huwa imekwisha kuchoka na kutumia mali nyingi, na huwa tayari kuipokea kila habari ya tiba mpya. Miongoni mwa habari hizo ni ile ya dawa inayopelekwa moja kwa moja ubongoni kupitia ateri. Kwa hiyo, ufafanuzi makini wa mbinu hii kwa Kiswahili una umuhimu wa kitaaluma na wa kijamii kwa pamoja.

2.0 Kizuizi cha Damu na Ubongo: Funzo la Malale

Mishipa midogo ya damu katika sehemu nyingi za mwili huruhusu dawa kupenya kwa urahisi na kuingia katika tishu. Katika ubongo hali ni tofauti. Mwaka 1885 Paul Ehrlich alionesha kwamba rangi iliyodungwa katika damu ya mnyama ilitia rangi viungo karibu vyote isipokuwa ubongo. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alidunga rangi katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Safari hii ubongo ulipata rangi, ilhali viungo vingine havikupata. Mwaka 1967 Reese na Karnovsky walitumia hadubini ya elektroni kuonesha kwamba seli zinazotanda ndani ya mishipa midogo ya ubongo zimeshikamana kiasi cha kutoacha upenyo baina yao. Hicho ndicho kizuizi cha damu na ubongo.

Kwa wakazi wa Kibondo na Kasulu, kizuizi hiki si jambo geni, ingawa hakijulikani kwa jina hilo. Wilaya hizi zimekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa maeneo ya malale nchini Tanzania, na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilihamisha watu wa Uha na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwatenga na mbung'o. Vimelea vya malale huanza katika damu na limfu, kisha huingia ubongoni. Katika hatua ya kwanza, suramini, dawa iliyoanza kutumika katika miaka ya 1920, huweza kumponya mgonjwa. Katika hatua ya pili haitoshi, kwa sababu molekuli yake ni kubwa, hushikamana na protini za damu na haivuki kizuizi kwa kiasi cha kuua vimelea. Hapo ndipo ilipohitajika melarsoproli, dawa yenye aseniki iliyoanza kutumika mwaka 1949. Dawa hiyo hufika ubongoni, lakini kati ya asilimia 5 na 10 ya wagonjwa hupata madhara makali ya ubongo, na takribani nusu ya hao hufariki. Ni mwaka 2024 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza feksinidazoli, dawa ya kumeza, kwa malale ya aina inayopatikana Afrika Mashariki.

Historia hii inafunza mambo mawili yatakayorejewa katika makala haya. La kwanza ni kwamba dawa yenye nguvu katika damu inaweza kuwa dhaifu katika ubongo. La pili ni kwamba tiba inayofika ubongoni hufanya kazi mahali ambapo madhara yake ni mazito na mara nyingi hayarekebishiki.

3.0 Misingi ya Njia ya Ateri

3.1 Chimbuko

Njia ya ateri imetokana na muunganiko wa taaluma mbili. Ya kwanza ni upigaji picha wa mishipa. Mwaka 1927 daktari Mreno Egas Moniz alipiga picha ya kwanza ya ateri za ubongo wa mtu aliye hai, na mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alieleza namna ya kuingiza mrija ndani ya ateri kwa kutumia sindano na waya bila kuupasua mshipa. Ya pili ni tiba ya saratani kwa dawa. Mwaka 1950 Calvin Klopp na wenzake nchini Marekani walichapisha taarifa ya kudunga dawa ya saratani ndani ya ateri inayolisha uvimbe. Taaluma hizi mbili zilipokutana, swali likawa rahisi kulitamka: kwa nini dawa izungushwe mwili mzima iwapo inaweza kupelekwa penye uvimbe?

3.2 Hesabu ya Mtiririko

Jibu la swali hilo linategemea hesabu. Dawa iliyowekwa katika ateri hupita kwenye uvimbe mara ya kwanza ikiwa na ukolezi mkubwa. Baada ya hapo huingia katika mzunguko wa kawaida na kuwa sawa na dawa iliyodungwa katika vena ya mkono. Faida yote ya njia ya ateri imo katika mpito huo wa kwanza. Pale ambapo tishu zinafyonza sehemu ndogo tu ya dawa, faida hiyo hukadiriwa hivi: moja, kujumlisha kasi ya mwili kuondoa dawa ikigawanywa kwa mtiririko wa damu katika ateri.

Tuchukue mfano wa kikokotoo. Tuseme ateri kuu ya shingo inapitisha mililita 250 za damu kwa dakika. Iwapo mwili unaisafisha dawa kwa kasi ya mililita 100 kwa dakika, faida ni 1 kujumlisha 100 gawanya kwa 250, yaani 1.4. Iwapo dawa nyingine inaondolewa kwa kasi ya mililita 3,000 kwa dakika, faida ni 13. Na iwapo dawa ileile ya kwanza itawekwa katika tawi dogo linalopitisha mililita 25 tu kwa dakika, faida yake hupanda kutoka 1.4 hadi 5.

Mfano huu unaonesha jambo ambalo maelezo mepesi hulificha. Dawa inayokaa mwilini kwa muda mrefu hunufaika kidogo na njia ya ateri, kwa sababu baada ya dakika chache huwa imeenea mwilini kama ambavyo ingeenea kupitia vena. Dawa inayofaa zaidi ni ile inayoondolewa haraka, ikiwekwa katika tawi lenye mtiririko mdogo. Aidha, dawa inayohitaji kwanza kubadilishwa na ini ndipo ifanye kazi, kama siklofosfamidi, haipati faida hiyo hata kidogo, kwa kuwa hupita kwenye uvimbe ikiwa bado haijaamka.

3.3 Utaratibu wa Kitabibu

Mgonjwa hulazwa katika chumba chenye mashine ya eksirei inayoonesha picha mfululizo. Daktari huingiza mrija mwembamba kwenye ateri ya paja au ya kifundo cha mkono, huupandisha kupitia ateri kuu ya mwili hadi shingoni, na inapobidi hupitisha ndani yake mrija mwembamba zaidi unaoingia katika matawi ya ubongo. Dawa ya kuonesha mishipa hudungwa ili kuthibitisha mahali ulipofika mrija, ndipo dawa ya saratani ifuate. Kazi hii inahitaji daktari bingwa wa mishipa, mtaalamu wa usingizi, wauguzi waliofunzwa, kipimo cha damu cha kila hatua, na chumba cha uangalizi maalumu baada ya tiba. Ikiwa kimoja kati ya hivi kinakosekana, mrija wenyewe haumsaidii mgonjwa.

4.0 Kufungua Kizuizi: Mfano wa Limfoma ya Ubongo

Hesabu iliyotolewa hapo juu haikujumuisha kizuizi. Dawa inaweza kupita mbele ya uvimbe ikiwa na ukolezi mkubwa na bado isiingie ndani. Mwaka 1972 Stanley Rapoport na wenzake walionesha katika wanyama kwamba mmumunyo wenye chumvichumvi au sukari nyingi, ukipitishwa katika ateri, huzinyonya maji seli za kuta za mishipa. Seli hizo husinyaa, na maungio yake huachana kwa muda. Edward Neuwelt wa Portland, Marekani, aliipeleka kanuni hiyo kwa wagonjwa kwa kutumia manitoli, sukari inayojulikana pia katika hospitali zetu kama dawa ya kupunguza shinikizo ndani ya fuvu. Manitoli hupitishwa kwa kasi katika ateri moja kwa muda wa nusu dakika hivi, mgonjwa akiwa chini ya usingizi, kisha dawa ya saratani hufuata wakati mlango ungali wazi.

Ugonjwa uliofaidika zaidi na utaratibu huu ni limfoma inayoanzia ubongoni, uvimbe adimu unaoitikia methotreksati. Katika utafiti wa Angelov na wenzake uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa 149 wa vituo vinne walitibiwa kwa methotreksati kupitia ateri pamoja na kufunguliwa kizuizi. Uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 57.8 ya wagonjwa, na nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miaka 3.1. Degedege ilikuwa madhara yaliyojitokeza zaidi, kwa asilimia 9.2.

Matokeo haya ni ya kutia moyo, lakini yasomwe kwa uangalifu. Utafiti huo haukuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu ili kulinganisha njia mbili. Methotreksati kwa kiwango kikubwa kupitia vena, ikifuatiwa na asidi ya foliniki ili kuziokoa tishu nyingine, nayo huvuka kizuizi na imebaki kuwa msingi wa tiba ya limfoma hii duniani. Zaidi ya hayo, utaratibu wa ateri hufanywa siku mbili mfululizo kila mwezi, hadi kufikia mwaka mzima. Kwa mkazi wa mji wenye hospitali hiyo, ratiba hii ni nzito. Kwa mkazi wa Busunzu, ni sawa na kuhama.

5.0 Mipaka na Madhara: Funzo la Karmustini

Kama hesabu ya mtiririko ingekuwa ndiyo kila kitu, karmustini ingekuwa dawa bora kupita zote, kwa kuwa huondolewa mwilini haraka sana na huvuka kizuizi bila kusaidiwa. Ndiyo iliyojaribiwa kwa upana dhidi ya glioma kali. Mwaka 1992 Shapiro na wenzake walichapisha ulinganisho uliowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu kati ya njia ya ateri na njia ya vena. Waliopewa dawa kupitia ateri hawakuishi muda mrefu zaidi, bali waliishi muda mfupi zaidi. Takribani mmoja kati ya kumi alipata uharibifu mkubwa wa ubongo mweupe, na takribani asilimia 15 walipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la upande uliotibiwa.

Sababu zake zinaeleweka. Ateri ya jicho hutokana na ateri ya ndani ya shingo. Dawa iliyowekwa chini ya tawi hilo humwagika pia jichoni. Mrija ulipopandishwa juu ya tawi hilo ili kulinusuru jicho, tatizo lingine lilijitokeza. Dawa inayotiririka polepole katika damu inayokwenda kasi haichanganyiki vizuri. Hubaki kama uzi mmoja ndani ya mkondo, mfano wa maji ya tope ya kijito yanavyoonekana yakitembea kando ya maji safi baada ya kuingia mtoni. Uzi huo ukiingia tawi moja, sehemu moja ya ubongo hupata dozi ya sumu na sehemu nyingine, pengine yenye uvimbe, hukosa dawa. Hapa ndipo penye mgongano wa msingi wa mbinu hii: mtiririko mdogo unaoongeza faida katika hesabu hauhakikishi mgawanyo mzuri wa dawa. Watafiti wa baadaye wamejibu kwa kudunga dawa kwa mapigo mafupi na kwa kuchagua matawi madogo zaidi. Kwa mfano, mwaka 2011 Boockvar na wenzake wa New York waliripoti usalama wa kupitisha bevasizumabu kwa njia hiyo baada ya manitoli. Hata hivyo, usalama wa dozi si uthibitisho wa kurefusha maisha.

6.0 Pale Njia Ilipofaulu: Saratani ya Jicho la Mtoto

Mafanikio yaliyo wazi zaidi ya njia ya ateri kichwani yamepatikana katika retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo. Baada ya kazi ya awali ya madaktari wa Japani, Abramson na Gobin wa New York walianza mwaka 2006 kupitisha melfalani moja kwa moja katika ateri ya jicho, na mwaka 2008 walichapisha matokeo ya watoto kumi wa mwanzo, ambao wengi wao waliepuka kuondolewa jicho.

Masharti yaliyotajwa katika sehemu ya 3.2 yanatimia hapa: ateri ni ndogo, mtiririko ni mdogo, dawa huondolewa haraka, na eneo linalolishwa na ateri hiyo ni jicho lenyewe. Uvimbe wa ndani ya ubongo mara nyingi hulishwa na matawi kadhaa, na seli zake husambaa nje ya mipaka inayoonekana kwenye picha. Kwa hiyo mafanikio ya jicho hayawezi kuhamishiwa kwenye ubongo kwa kulinganisha majina ya mbinu tu. Vilevile, mtoto hunusurika jicho iwapo tu amefika mapema. Mng'ao mweupe katika mboni, ambao mama anaweza kuuona akiwa nyumbani, una thamani kubwa kuliko mrija wowote unaochelewa.

7.0 Hali ya Afrika Mashariki

Kanda yetu si mgeni katika historia hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unabeba jina lake, na mwaka 1961 alisafiri takribani kilomita 16,000 kwa gari, akipita Tanganyika, ili kuchora ramani ya ugonjwa huo. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona katika seli za uvimbe huo kutoka Uganda kirusi ambacho baadaye kilihusishwa pia na limfoma ya ubongo kwa watu wenye upungufu wa kinga. Mwaka 1967 kilifunguliwa Kampala kituo cha tiba ya limfoma, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Huko John Ziegler na wenzake walikumbana na kizuizi kilekile: watoto waliopona taya na tumbo waliugua upya katika mfumo wa fahamu, mahali ambapo dawa ya damu haikufika vya kutosha. Jibu lao lilikuwa kudunga methotreksati katika maji ya uti wa mgongo, kwa sindano ileile inayotumika kuchunguza malale ya hatua ya pili. Njia hiyo haikuhitaji mashine, na ilifundishika.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), yenye mabingwa wa upasuaji wa ubongo, ndizo nguzo za huduma hii, pamoja na Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyo karibu zaidi na Kigoma. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianzisha mafunzo ya uzamili ya tiba radiolojia, yaani tiba inayofanywa kupitia mishipa kwa kuongozwa na picha. Ujuzi wa kupitisha mrija, kwa hiyo, unakua nchini. Lakini ujuzi huo una kazi za dharura zaidi kuliko dawa za saratani za ubongo: kuzuia damu inayovuja, kufungua njia za nyongo, kutibu mishipa iliyovimba kichwani.

8.0 Istilahi na Ridhaa

Suala la lugha linagusa uamuzi wenyewe. Neno mshipa katika Kiswahili hubeba maana nyingi: ateri, vena, neva, na hata ngiri. Mgonjwa anayeambiwa kwamba "dawa itapitishwa kwenye mshipa" anaweza kudhani ni dripu ya kawaida ya mkononi. Anayeambiwa kwamba "itaingia moja kwa moja kwenye ubongo" anaweza kudhani ni sindano inayotoboa fuvu, au ni dawa isiyoweza kukosa shabaha. Dhana zote tatu ni potofu, na ridhaa inayotolewa juu yake ni pungufu.

Makala haya yanapendekeza kwamba katika maelezo ya ridhaa neno ateri litumike likiambatana na ufafanuzi: mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni. Vena ielezwe kuwa ni mshipa unaorudisha damu moyoni. Badala ya kusema dawa inapelekwa ubongoni, isemwe inapitishwa katika damu inayolisha sehemu fulani ya ubongo, na kwamba kiasi kitakachoingia hakijulikani kwa yakini. Palipo na mgonjwa anayefahamu Kiha kuliko Kiswahili, mkalimani aeleze maana, asikariri istilahi. Mfano wa malale unaweza kutumika, kwa kuwa mzee wa Kibondo anayekumbuka dawa mbili za ugonjwa mmoja tayari anaufahamu mzizi wa jambo.

9.0 Hitimisho

Njia ya ateri ina msingi thabiti wa kisayansi, lakini manufaa yake yamefungwa na masharti. Kabla ya kumpa mgonjwa rufaa kwa ajili yake, maswali manne yanapaswa kujibiwa: Je, aina ya uvimbe imethibitishwa na maabara? Je, dawa inayokusudiwa huondolewa mwilini haraka, au huvuka kizuizi? Je, ateri inayolengwa inalisha uvimbe huo hasa? Na je, upo ushahidi kwamba njia ya vena au ya uti wa mgongo ni dhaifu kuliko hii kwa ugonjwa huo? Jibu la hapana kwa swali lolote kati ya haya ni sababu ya kutosha ya kuishauri familia isiuze shamba wala ng'ombe kwa ajili ya safari hiyo.

Kwa Busunzu na kata jirani, mwanya mkubwa zaidi haupo kwenye ncha ya mrija. Upo kati ya siku ya kwanza ya degedege isiyo na homa na siku ya kwanza ya picha ya ubongo. Mhudumu wa zahanati anayezitambua dalili hizo, fomu ya rufaa inayoandikwa mapema, na maabara inayoweza kupima kiwango cha methotreksati katika damu vitawafikia wagonjwa wengi zaidi. Tafiti zijazo zinaweza kuanza hapo, kwa kufuatilia muda unaopita katika kila ngazi ya rufaa kutoka Kibondo na Kasulu hadi Bugando na Muhimbili.